Fikra tunduizi si ubishi

Juzi jioni mabinti wawili wa mwaka wa pili wa uuguzi walikuwa wanajisomea barazani kwangu, hapa Ngamiani, madesa yametapakaa mkekani. Mmoja akamwambia mwenzake: "Wewe fikra tunduizi zimekuzidi, kila analosema mkufunzi unapinga." Wakacheka, wakaendelea kusoma. Mimi nilishindwa kuendelea na langu. Nimelisikia neno hili likitumiwa hivyo wodini, vikaoni, hata harusini, na kila mara linaniuma, maana watoto wanaingia nalo kwenye mtihani likiwa limepinda.

Fikra tunduizi ni kuzipima taarifa ulizonazo kabla ya kuamua: ipi ni kweli, ipi inahusika, ipi imekosekana, na uamuzi gani unasimama juu yake. Maana ni hiyo tu. Kazi iko kwenye neno lenyewe.

Tunduizi limetoka kwenye kutunduia, yaani kuangalia jambo kwa makini, kwa jicho la mpelelezi. Lisichanganywe na kutunduwaa, ambako ni kukodoa macho huku akili imesimama. Dhana yenyewe imetufikia kupitia Kiingereza, na Waingereza neno lao, critical, lina asili ya Kigiriki: krinein, kutenga, kuchuja, kisha kuamua. Humo ndimo alimotoka krites, mwamuzi. Humo pia imo krisis, ambayo waganga wa zama za Hippocrates waliitumia kwa ile saa ugonjwa unapofika njia panda, mgonjwa ama ageuke kupona ama azidiwe. Ndiyo maana mpaka leo Kiingereza humwita mgonjwa mahututi kwa neno lilelile linaloita fikra hizi.

Upotofu umeingia kwa sababu neno hilo la Kiingereza lina tawi jingine, la kusema makosa ya watu. Wengi wakashika tawi hilo, wakaelewa "fikra za kukosoa". Lakini kukosoa kunaanza na kosa: mkosoaji amekwisha kujua kosa liko wapi, anakwenda kulionyesha. Anayetunduia bado hajajua.

Kama ningeulizwa, ningesema Kiswahili kina neno la karibu zaidi na lile la Wagiriki, nalo ni kupembua. Mtazame mama aliyetoka soko la Mgandini na mchele wake. Anakaa na ungo, anauzungusha, anautikisa kidogo kidogo mpaka chenga zinajitenga upande mmoja na punje nzima upande mwingine. Kisha kidole kinapita taratibu kutafuta kijiwe, cheupe kama mchele wenyewe. Hagombani na mchele. Anatenga, kwa sababu kuna mtu atakayeula.

Chukua swali kama hili. Mtoto wa miaka sita ana pumu. Asubuhi kifua kilikuwa kinapiga mluzi unaosikika kutoka mlangoni, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Saa sita mchana mluzi umekoma, mtoto ametulia, anasinzia, haongei. Utafanya nini kwanza: uandike kwamba dawa imefanya kazi, umwache apumzike, umpe maji anywe, au umpe oksijeni na kumwita daktari hapo hapo?

Aliyekariri atasema mluzi ni dalili ya pumu, mluzi umekwisha, basi ana nafuu. Mbishi atasema swali lina kasoro. Anayepembua atakumbuka mluzi ni nini: ni sauti ya hewa inayopita kwenye njia iliyobanwa. Hewa isipopita, sauti nayo haipo. Kimya cha nafuu huja na mtoto anayeongea, anayepumua bila kujikamua, pengine anaulizia chakula. Kimya hiki kimekuja na kusinzia, kwa hiyo mtoto amechoka na hewa haifiki. Mkalishe wima, oksijeni, daktari sasa hivi.

Tena tazama yale majibu mengine matatu. Yote ni mambo ambayo muuguzi huyafanya kila siku. Maswali ya uuguzi yana tabia hiyo, yanauliza lipi la kwanza kwa mgonjwa huyu. Ndiyo maana huwaambia wanaokuja kujisomea kwangu wasiishie kuweka alama kwenye jibu sahihi. Kila jibu ulilolikataa, sema lingekuwa sahihi kwa mgonjwa wa namna gani. Maswali kumi kwa njia hiyo yatakuchukua jioni nzima, na yanafaa kuliko mia uliyoyapitia mbio.

Yule binti aliyemcheka mwenzake nilimwita kabla hawajaondoka. "Mwenzako alimpinga mkufunzi kwa lipi?"

"Shangazi, mkufunzi alisema mgonjwa wa moyo apewe digoksini yake ya asubuhi. Huyu akanyoosha mkono, eti mapigo yake ni mangapi kwa dakika?"

Kwa mtu mzima, mapigo yakiwa chini ya 60 dawa hiyo huzuiwa kwanza, daktari akajulishwa. Binti huyu niliyemwita mwenyewe alikuwa ameyaandika hayo kwenye daftari lake, ukurasa ulikuwa wazi pale mkekani.

"Basi mwanangu, hakupinga. Aliuliza kilichokosekana. Neno umempa linalomstahili, ila sababu uliyoitaja siyo."