Uhakika wa chakula: soko limejaa, nyumbani hakuna kitu

Uhakika wa chakula ni hali ya watu wote, wakati wote, kuweza kupata chakula cha kutosha, salama na chenye lishe. Ndivyo mataifa yalivyoafikiana Roma mwaka 1996. Chakula kuwepo nchini ni jambo moja, kukimudu ni lingine, na wengi wanaolala njaa duniani wamekwama kwenye hilo la pili.

Chukua mkulima wa Kongwa, mkoani Dodoma. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na wastani wake haufiki milimita 600 kwa mwaka. Mavuno yakiingia, anadaiwa dukani, anadaiwa na aliyemlimia. Anauza mapema, wakati kila mtu anauza na malori yamejaa kwenye soko la mahindi la Kibaigwa. Akifungiwa lumbesa, gunia lililoshindiliwa mpaka likaota kichwa, debe zima linakwenda bure. Ikifika Januari ghala ni tupu, naye anarudi sokoni akiwa mnunuzi. Mahindi aliyoyatoa kwa magunia sasa anayapima kwa kisado, na bei imeshapanda. Nyumbani maharage ndiyo yanayotangulia kuondoka, unabaki ugali na mlenda. Kisha mlo wa mchana unarukwa, watoto wanangoja jioni. Hakuna aliyetangaza ukame, lakini hiyo ni njaa kamili na inastahili kuitwa hivyo.

Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, inalijua jambo hili tangu zamani. Katika njaa ya Mtunya, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia na baada yake, majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulikuta watu wameshanyang'anywa akiba.

Bei hupandishwa na mambo ya mbali pia. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilibana ngano na mafuta ya alizeti kutoka Bahari Nyeusi, mbolea nayo ikapaa, na kipimo cha bei za chakula cha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kikafika kilele mwezi Machi. Mafuta ya kula yalipanda hata hapa Dodoma na Singida tunakolima alizeti, kwa sababu nchi huagiza sehemu kubwa ya mafuta yake. Mwenye mshahara mnono alilalamika. Anayemaliza zaidi ya nusu ya kipato kwa chakula alipunguza mlo. Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa watu milioni 673 walikuwa na njaa mwaka 2024.

Kwa hiyo ghala la taifa kujaa hakutoshi. Wakala wa hifadhi ya chakula, NFRA, hununua nafaka na kuzitoa bei inapopaa, na hapo muda ndio kila kitu. Mahindi ya bei nafuu yakifika kijijini Desemba, mbuzi wa familia wanabaki zizini. Yakichelewa mpaka Machi, mbuzi wameshauzwa, na familia hiyo itaingia msimu unaofuata bila akiba, ikilazimika kuuza mavuno siku ileile yanapotoka shambani.