Je, wajua? Saratani iliyopewa jina la uyoga, na bakteria anayeifuata

Kwa miaka mingi niliamini kwamba maikosisi fungoidi ni fangasi. Jina lenyewe linaapa hivyo: sehemu ya kwanza ni uyoga kwa Kigiriki, ya pili ni uyoga kwa Kilatini, kana kwamba aliyelitunga aliogopa hatutamsikia mara ya kwanza. Nikaiweka kwenye ukoo wa choa na vibarango, ndugu yao sugu tu, wa kupakwa dawa akaondoka.

Hakuna fangasi hapo. Hii ni limfoma, saratani ya seli nyeupe za damu ziitwazo seli T, iliyoweka makazi kwenye ngozi. Mwaka 1806 daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert alieleza habari za mgonjwa mwenye vivimbe vilivyofanana na uyoga, na mfano huo ndio uliozaa jina. Sura ndiyo ya uyoga, basi. Tena wengi hawafiki hata kwenye vivimbe: huwa na mabaka yanayodhaniwa kuwa pumu ya ngozi kwa miaka. Kwenye ngozi nyeusi iko aina inayokuja kwa mabaka yaliyopauka, ambayo ni rahisi kuyaita mba, au hata ukoma.

Nilipojua ni saratani, nikakosea mara ya pili. Nilidhani inaua kwa kusambaa mpaka kwenye ini na mapafu. Kumbe mwenye ugonjwa wa hatua za mwanzo mara nyingi huishi nao miongo na kufa kwa jambo jingine kabisa, na ule uliokomaa mara nyingi humaliza watu kwa maambukizi. Mshukiwa mkuu ni stafilokokasi, bakteria ambaye watu wengi wenye afya wanatembea naye puani bila habari.

Anaingiaje? Kwanza, ngozi imechanika kwa kukunwa. Pili, seli T za saratani ni nakala za seli moja, nazo huzisonga zile nzima. Fikiria mtaa wenye sungusungu mia, kila mmoja anaijua sura ya mwizi wake. Sasa tisini wameondolewa, na mahali pao amewekwa mtu mmoja mara tisini, naye anamjua mwizi mmoja tu. Idadi ni ileile, ulinzi haupo. Zaidi ya hapo, seli hizo hutoa kemikali zinazoifanya ngozi ipunguze viuavijidudu vyake vya asili.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba bakteria naye hulipa fadhila. Kwa kawaida seli T haiamki mpaka ionyeshwe kipande cha adui inayemtambua. Baadhi ya sumu za stafilokokasi hazingoji utambuzi huo. Ni kama mtu anayepiga kelele "Mwizi!" katikati ya soko: wanaoinuka ni umati, si yule mmoja aliyeibiwa. Sumu hizo zaweza kuamsha hata seli T moja kati ya tano, na za saratani zikiwamo. Saratani inamfungulia bakteria mlango, bakteria anaichochea saratani.

Watafiti wa Denmark waliwapa wagonjwa wachache wenye ugonjwa uliokomaa antibiotiki kali, na kwa baadhi yao si bakteria tu waliopungua, hata dalili za saratani zilishuka kwa muda. Wagonjwa walikuwa wachache mno kuligeuza jambo hilo kuwa tiba ya kila mtu.

Yapo mengine yanayoandamana nayo. Mwasho hufukuza usingizi, na huzuni hufuata. Saratani ya pili, hasa limfoma nyingine kama ya Hodgkin, huonekana zaidi kwa wagonjwa hawa, ingawa anayechunguzwa kila baada ya miezi michache hugunduliwa mengi kuliko jirani yake asiyekanyaga hospitali.

Na tatizo moja halitokani na ugonjwa wenyewe. Dawa iitwayo beksarotini, inayotumika kwa limfoma hii, huinyamazisha tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ambayo kazi yake ni kuiamuru thairoidi shingoni. Mgonjwa anahisi baridi, anachoka, homoni za thairoidi zinashuka. Katika upungufu wa kawaida, kipimo cha TSH, homoni ambayo tezi hiyo ndogo huitumia kuiamuru thairoidi, kingepanda, kwake kinashuka. Anayesoma TSH peke yake anaweza kudhani thairoidi inafanya kazi kupita kiasi, kwa hiyo daktari humpima T4, homoni inayotolewa na thairoidi yenyewe.