Mizani si Nusu kwa Nusu: Dhana Potofu Kuhusu Wahafidhina na Waliberali

Siasa zinapopamba moto, watu wengi hutamani upande wao ushinde hadi ule wa pili ufutike kabisa. Mliberali, anayetanguliza uhuru na haki za mtu, humwona mhafidhina, anayetanguliza kulinda mila na taasisi zilizopo, kuwa kikwazo tu, na mhafidhina humwona mliberali kuwa mbomoaji. Jambo hili linanisikitisha, kwa sababu nchi inawahitaji wote wawili, kila mmoja akimdhibiti mwenzake (hiyo ndiyo mizani ninayoizungumzia), na dhana zinazolisha chuki hiyo hazina mizizi katika historia.

Dhana: Mhafidhina hukataa mabadiliko, mliberali ndiye huyaleta

Baadhi ya mageuzi makubwa yalipita mikononi mwa wahafidhina. Mwaka 1846 Robert Peel, waziri mkuu wa Uingereza kutoka chama cha Kihafidhina, alifuta sheria zilizolinda bei ya nafaka ya wenye mashamba makubwa kwa kutoza ushuru ile iliyotoka nje. Wabunge wengi wa chama chake walimkataa. Kura za wapinzani ndizo zilizomvusha, na chama kikapasuka. Mwaka 1867 serikali nyingine ya Kihafidhina, waziri wake wa fedha Benjamin Disraeli akiiongoza hoja bungeni, iliwapa haki ya kura wafanyakazi wengi wa mijini.

Ujerumani nako, Otto von Bismarck, kansela wa nchi hiyo na mtu ambaye hakuna angemwita mliberali, alianzisha bima ya afya ya wafanyakazi mwaka 1883 na pensheni ya uzeeni mwaka 1889. Hakufanya hivyo kwa huruma peke yake. Alitaka kuwapokonya wasoshalisti hoja iliyokuwa ikiwavuta wafanyakazi. Hapo ndipo faida ya mizani inapoonekana: upande mmoja hulazimika kusikia kilio ambacho ungekipuuza kama usingeogopa kupitwa.

Kwa mtazamo wangu, tofauti ya kambi hizi iko katika swali linalotangulia. Mhafidhina huuliza, "Tukibadilisha hiki, tutapoteza nini?" Mliberali huuliza, "Tukikiacha hivi, nani anaumia?" Sheria ambayo haijapitia maswali yote mawili ni sheria iliyoiva nusu.

Dhana: Jina la chama linatosha kukueleza msimamo wake

Halitoshi. Chama cha Liberali cha Australia, kilichoanzishwa mwaka 1944, ndicho chama kikuu cha wahafidhina nchini humo. Chama cha Liberal Democratic cha Japani, kilichozaliwa mwaka 1955, nacho ni cha kihafidhina. Usisome bango, soma sera.

Dhana: Mizani ni kugawana madaraka sawasawa

Hii ndiyo dhana inayowanasa hata wenye nia njema, na Kolombia ilionja matokeo yake. Waliberali na Wahafidhina wa huko walichinjana katika vita ambavyo inakadiriwa viliua watu wapatao 200,000. Ili kuvikomesha, vyama hivyo viwili vilikubaliana kupokezana urais kila baada ya miaka minne na kugawana uwaziri na viti vya bunge nusu kwa nusu. Mpango huo ulianza mwaka 1958 ukaisha mwaka 1974.

Damu kati ya vyama hivyo ilipungua sana, na hilo si jambo dogo. Lakini mpiga kura alijua, kabla hata hajafika kituoni, ni chama gani kitatoa rais. Waliokuwa nje ya vyama hivyo viwili walifungiwa mlango. Mwaka 1964 vikaibuka vikundi vya waasi vya FARC na ELN. Uchaguzi wa Aprili 19, 1970 ulipompa Misael Pastrana, mgombea wa mpango huo, ushindi mwembamba, wafuasi wa mpinzani wake walidai kura zimeibwa, na kikundi kingine cha waasi, M-19, kikajiita kwa tarehe hiyo.

Mizani ya kweli ni kila chama kuweza kushindwa, na kila aliyeshindwa kuweza kurudi. Ukiondoa hofu ya kushindwa, unabaki na watu wawili wanaogawana sahani moja huku wengine wakitazama.

Dhana: Mafahali wawili hawakai zizi moja

Methali hii hutumiwa sana kumnyamazisha mpinzani, kana kwamba kuipinga serikali ni kuipinga nchi. Waingereza waliamua vinginevyo: tangu mwaka 1937 sheria inamlipa Kiongozi wa Upinzani mshahara kutoka hazina ya umma. Kazi yake ya kukosoa imetambuliwa kuwa utumishi kwa taifa.

Upinzani ukidhoofika, pengo halikai wazi. Kanada, katika uchaguzi wa mwaka 1993, chama cha Progressive Conservative kilichokuwa kikitawala kiliangushwa hadi kubaki na viti 2. Waliberali walishangilia, lakini nafasi ya upinzani rasmi ikachukuliwa na Bloc Québécois, chama kilichotaka jimbo la Quebec lijitenge na nchi. Kura za kihafidhina ziligawanyika kati ya vyama viwili, na kwa miaka mingi Waliberali hawakuwa na mshindani wa kuwatoa jasho nchi nzima. Ilibidi wahafidhina waungane mwaka 2003 ndipo wapiga kura wakapata tena upande wa pili wa kuchagua, na mwaka 2006 wakauchagua.