Mita 60 Zinazogeuka Kilomita: Mpangilio wa Mitaa na Waenda kwa Miguu

Tuchukue mfano wa mtoto ambaye dirisha la chumba chake linatazamana na ukuta wa shule, mita 60 tu mbele yake. Kengele anaisikia, lakini ili alifikie lango hana budi kutoka hadi barabara kuu, kwa kuwa barabara ya kwao imezibwa upande wa pili, aambae na magari yaendayo kasi, kisha aingie mtaa wa nyuma: kilomita nzima. Sisi wapangaji miji huugawa umbali anaotembea mtu kwa umbali wa mstari mnyoofu, na kadiri jibu linavyoikaribia moja ndivyo mtaa unavyopitika.

Jibu hilo hutegemea sana ukubwa wa vitalu, yaani maeneo ya majengo yaliyozungukwa na barabara pande zote. Katikati ya jiji la Portland, Marekani, upande mmoja wa kitalu una takriban mita 61, ilhali katikati ya Salt Lake City hufikia mita 201. Kwa mwendo wa kawaida wa mita 80 kwa dakika, anayetembea Portland hufika njia panda kabla dakika haijaisha, na hapo anaweza kukata kona. Mwenzake wa Salt Lake City hungoja dakika mbili na nusu.

Barabara zilizozibwa mwisho zina sababu yake. Radburn, katika jimbo la New Jersey, ilibuniwa mwaka 1929 ili magari yasikatize mbele ya nyumba, lakini ilipewa pia njia za miguu zilizopita bustanini. Wengi walioiga walizichukua barabara wakaziacha njia, na kosa, kwa maoni yangu, liko hapo, wala si katika kuziba. Barcelona, ambayo vitalu vyake vya mita 113 vilichorwa na Ildefons Cerdà mwaka 1859, ilianza mwaka 2016 kuvikusanya vitalu tisa tisa katika eneo la Poblenou: magari yapitayo huzunguka nje, anayetembea hupenya katikati.

Mtaa uliokwisha kujengwa hauhitaji kubomolewa. Yule mtoto anahitaji lango la pili na njia ya mita tatu kati ya kuta mbili, yenye taa, tena iliyonyooka, kwani kichochoro chenye kona kikiingia giza watu hukikwepa na kurudi barabara kuu.