Taa ya nyuma si yako: dhana potofu za wapanda baiskeli wa usiku

Ukitaka kujua baiskeli yako inaonekanaje usiku, usiwaulize wenzako wa barazani. Panda daladala ya mwisho ya kutoka Makunduchi, kusini mwa Unguja, ukae mbele karibu na dereva. Mimi nilikaa hapo siku baiskeli yangu ilipokuwa kwa fundi. Tulipopita Kitogani na kuingia Jozani, ambako msitu umesongamana pande zote mbili, nikaona mgongo wa mtu. Halafu gurudumu. Halafu dereva akakata usukani. Yule bwana naamini alijiona yu salama, maana taa zetu alikuwa akiziona kitambo zikimulika lami mbele yake.

Makosa yetu mengi yanaanzia hapo. Taa ya nyuma tunaipima tukiwa juu ya siti, nayo imefungwa kwa ajili ya mtu tusiyemuona.

"Rifleta inatosha, na imekuja na baiskeli"

Rifleta haina mwanga wake. Ndani ya ile plastiki nyekundu mna vipembe vidogovidogo vinavyorudisha mwanga kule kule ulikotoka. Taa za gari zikiipiga sawasawa, inang'aa kama jicho la paka. Ikiinama kutazama matairi, ikivaa tope, au gari ikiwa na taa moja tu (na hilo kwetu si ajabu), kazi yake inapungua au inakwisha kabisa.

Kuna na hesabu ya breki. Gari inayokwenda kilomita 60 kwa saa inakula karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde 1.5 kushtuka na kukanyaga breki, mita 25 zimeshapita na gari haijaanza kupunguza mwendo. Mpaka isimame, kwenye lami kavu, ongeza mita 20 hivi. Jumla 45. Taa za dimu za gari nyingi zinaangaza vyema mita 40 hadi 60. Sasa mpe dereva huyo kilomita 80 kwa saa: atahitaji karibu mita 70, na rifleta yako huenda ndiyo kwanza inaanza kung'aa. Taa inayowaka yenyewe haingoji kumulikwa. Barabara ikiwa imenyooka, inaonekana kutoka mamia ya mita. Rifleta usiing'oe, lakini. Betri ikifa njiani, ndiyo itakayobaki.

"Nimevaa kanzu nyeupe, nani asiyeniona?"

Penye taa za barabarani, sawa. Gizani kitambaa cheupe kinautawanya mwanga kila upande, na unaomrudia dereva ni kidogo. Hata vile vizibao vya njano na kijani vya vijana wa bodaboda, rangi yake inawaka mchana kwa nguvu ya jua. Usiku kinachofanya kazi ni ile mistari ya fedha iliyoshonewa juu. Ukipata kipande cha mistari hiyo, kifunge kwenye kifundo cha mguu. Kitapanda na kushuka na pedeli, na dereva atajua mara moja kwamba mbele yake kuna mtu.

Kanzu yenyewe ina balaa jingine. Ukikaa, pindo la nyuma linaning'inia juu ya taa na kuifunika. Baibui vivyo hivyo. Nimewahi kumfuata kijana aliyewasha taa nzuri kabisa, na mimi naona wekundu unaochungulia na kupotea kila upepo ukivuma. Nilipomwambia alishangaa: "Ami, mbona niliiwasha nyumbani?"

"Taa mahali pake ni chini ya siti"

Hapo ndipo wanapoifunga wauzaji, na kwa anayepanda baiskeli ya michezo bila keria hapana ubaya. Baiskeli zetu ni za kazi. Nyuma kuna pakacha, dumu la maji, mzigo wa majani ya ng'ombe ulio mpana kuliko mpandaji, au mtoto aliyekaa upande. Taa ya chini ya siti inamulika mzigo.

Ifunge nyuma kabisa ya keria, au kwenye madigadi, pale ambapo hakuna kitu kitakachokaa baina yake na barabara. Urefu wake? Sheria ya Uingereza, ambako pia gari zinapita kushoto kama kwetu, inataka taa ya nyuma iwe kati ya sentimita 35 na 150 kutoka chini, katikati ya baiskeli au upande wake wa kulia, ambao ndio gari zinapokupitia. Ncha ya keria inaingia humo bila taabu. Mzigo ukiwa unaning'inia hadi chini, funga taa ya pili juu ya mzigo wenyewe. Hiyo ndiyo njia pekee niliyoona inafaa kwa wakata majani.

Kufunga nako kuna fundi wake. Kibano cha plastiki kinachokuja na taa kimetengenezewa bomba la siti, na kwenye chuma chembamba cha keria kinateleza. Kata ukanda wa mpira wa ndani uliochakaa, uzungushe kwenye chuma mara mbili tatu, kisha ubane juu yake. Mpira unashika, tena unapunguza mtikisiko wa mashimo unaolegeza betri. Kama taa ina tundu la skrubu, toboa madigadi, tia skrubu na nati mbili zikazane, usahau habari yake.

Halafu iangalie inakotazama. Taa za siku hizi zina kioo kinachokusanya mwanga mbele yake; ukiipinda kidogo tu, mwanga wote unakwenda kwenye lami au mbinguni kwa malaika. Egemeza baiskeli ukutani usiku, rudi nyuma hatua 50, tazama. Kisha chutama, uwe sawa na macho ya dereva wa gari ndogo, utazame tena. Anayeishi Pemba afanye na jaribio la pili pale penye mteremko, kwa sababu barabara za kule ni kupanda na kushuka, na gari inayotokea juu ya kilima inakuona kutoka pembe usiyoitegemea.

"Kali zaidi ndiyo bora, hata ikiwa nyeupe"

Wapo wanaofunga tochi nyeupe nyuma kwa gundi ya nailoni, wakaona wamemaliza. Dereva anayekuja nyuma yako akiona mwanga mweupe anafahamu kitu kimoja: kuna chombo kinakuja kumkabili. Atakisia mwendo kinyume, na huenda akahama upande. Nyekundu inamwambia kwamba unakwenda aendako yeye. Zile taa za buluu na kijani zinazopendeza kwenye njiti za magurudumu hazimwambii chochote.

Ukali nao una mpaka. Taa inayomchoma dereva machoni inamfanya ageuze uso, na anayegeuza uso haoni shimo wala mtu.

"Ya kuwaka na kuzima inaonekana zaidi"

Inavuta jicho haraka, ni kweli, na betri inadumu zaidi. Ila jicho linashindwa kupima umbali wa kitu kinachotokea na kupotea. Ndiyo maana Ujerumani hairuhusu taa ya kumeta kwenye baiskeli, na Uingereza iliruhusu mwaka 2005 kwa sharti la kumeta mara 1 hadi 4 kwa sekunde. Mimi nina mbili: moja imetulia, nyingine inameta. Ikibidi moja, naiacha itulie.

"Dainamo haina betri, basi haina tabu"

Nawapenda wazee wa dainamo, lakini tuambiane ukweli. Dainamo ya kawaida, ile inayozungushwa na tairi ikatoa umeme, inatoa wati 3. Taa ya mbele inachukua 2.4, nyuma inabaki 0.6. Ukipanda kilima mwendo unapungua na taa inafifia. Ukisimama kungojea kukata kulia, inazima, na hapo ndipo umekaa katikati ya barabara. Masika yakinyesha, kichwa chake kinateleza kwenye tairi lililolowa. Mzee mwenye dainamo aongeze kitaa kimoja cha betri.

"Imeandikwa haiingii maji"

Alama IPX4 ni ya marasharasha. IPX7 ni ya kuzama mita 1 kwa dakika 30. Zote zinapimwa kwa maji yasiyo na chumvi, na hakuna inayozungumzia chumvi ya pwani yetu, ambayo inakula ncha za betri ikiziacha na ukungu wa kijani. Zifute, upake mafuta ya mgando kidogo sana, uwe unafungua kila mwezi.

"Mjini kuna taa za barabarani"

Walioishi Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi yote ile bila umeme, wanajua taa hizo si za kuwekea dhamana. Hata umeme ukiwapo, baada ya Magharibi giza kwetu linashuka ndani ya dakika 20 na kitu. Washa unapoondoka msikitini. Ukingoja hadi uone giza, wa nyuma yako ameshapotea macho.

"Taa nzuri itaibiwa tu"

Itaibiwa ukiiacha. Za kuchomoa zipo, unatia mfukoni unaingia kuswali. Ila nunua ile ambayo swichi yake inataka kubonyezwa kwa muda mrefu. Ya kwangu ya mwanzo ilikuwa nyepesi mno, na usiku mmoja wa Ramadhani, tarawehe imefika rakaa ya sita, ikawaka mfukoni ikaanza kumeta nyekundu kupitia kanzu. Safu ya nyuma yangu nzima iliniona vizuri.