Kabla hujatuma advansi kwa mchoraji wa mtandaoni

Mwezi uliopita dada mmoja wa Usa River aliniletea picha niiwekee fremu. Alikuja nayo imefungwa kwenye kanga, na kabla hajaifungua alikuwa ameshanisimulia yote: wazazi wanatimiza miaka 50 ya ndoa, watoto wamechanga laki nne, wamempata mchoraji wa Dar kwenye Instagram, awachore wazee kwa rangi ya mafuta kutoka kwenye picha yao ya harusi. Kazi ilichelewa wiki tano, lakini imefika.

Nikaigeuza nyuma kwanza, kama ninavyofanya siku zote. Kanvasi nyeupe pee, hakuna alama ya kidole, hakuna harufu. Nikaigeuza mbele, nikachukua lenzi yangu ndogo ya mafundi saa. Mashavu ya mama mtu yalikuwa vidoti vitupu: bluu, waridi, njano, nyeusi. Picha ilikuwa imechapwa kwa mashine juu ya kanvasi, kisha mtu akapitisha jeli isiyo na rangi kwa brashi, ili mkono ukipapasa ukute mikwaruzo.

Nilikaa kimya kidogo nikitafuta namna ya kumwambia. Mwisho nilimpa lenzi aangalie mwenyewe.

Nachora sura za watu hapa Arusha tangu 2011, ila kinacholipa kodi ya banda ni fremu. Kwa ajili ya fremu, kazi za wachoraji wengine hupita mikononi mwangu, na vilio vya wateja wao pia. Karibu kila mtu huniuliza, "Fundi, tapeli nitamjuaje?" Tapeli hasa, yule asiyejua hata kuchonga penseli, anajulikana mapema ukijua pa kuangalia. Anayewaliza watu wengi zaidi ni mchoraji wa kweli, mwenye mkono mzuri kabisa, ambaye ameshakula advansi yako.

Huyo namjua vizuri kwa sababu nimewahi kuwa yeye. Desemba ya 2014 nilipokea oda 11 wakati uwezo wangu ulikuwa oda tano. Advansi ya mteja wa tisa ilinunua rangi za mteja wa nne. Ya mteja wa kumi ililipa ada ya mdogo wangu. Aliyenipigia simu kwa ukali alipata picha yake. Mama mmoja mpole, aliyekuwa akiniambia "usijali mwanangu", alipata zawadi yake ya Krismasi wakati wa Pasaka. Sikuwa na nia ya kumdhulumu yeyote, na nia yangu hiyo njema haikumsaidia mama yule kwa lolote. Tangu hapo naamini mteja ajikinge kwa jinsi anavyopanga fedha zake. Tabia ya msanii hawezi kuipanga.

Lakini tuanze na tapeli, tummalize. Chukua picha tatu za ukurasa wake uzipitishe kwenye Google Lens au TinEye, zinazotafuta picha hiyo ilikowahi kuonekana mtandaoni. Ukikuta picha hiyohiyo ilishawekwa zamani na msanii wa nchi nyingine, usiulize maswali, ondoka. Kipimo hiki siku hizi hakitoshi, kwani picha iliyotengenezwa na akili mnemba haina mahali pengine ilipowahi kuonekana. Kwa hiyo muombe kitu ambacho anacho aliyechora tu: jicho lililopigwa kwa karibu, simu ikiwa imeinamishwa ili mwanga uonyeshe mabonde ya brashi, nyuma ya kanvasi, au video fupi akitembea na simu kutoka kwenye picha hadi dirishani. Kwa mchoro wa kompyuta, omba kuona faili lenye tabaka zake, yaani sehemu za mchoro zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mchoro wa A3 wa kuchapishwa vizuri una pikseli 3508 kwa 4961, wakati Instagram huipunguza picha hadi upana wa pikseli 1080 hivi. Aliyeiba huko akijaribu kuikuza, mara nyingi kope zinageuka uji.

Muulize pia kuhusu rangi, na hapa Kiswahili chetu chenyewe kinatutega. "Rangi ya mafuta" kwenye duka la vifaa vya ujenzi ni ile ya kupaka milango na mageti. Na si rangi ya kudharau: Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 alitumia rangi za namna hiyo, zilizokuwa zikipakwa baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, na mtindo mzima unaobeba jina lake ulizaliwa hapo. Sasa wewe ukiandika "rangi ya mafuta" ukiwa unawazia picha za makumbusho ya Ulaya, naye akakuletea rangi ya geti, hajakudanganya. Andika "rangi ya mafuta ya wasanii, ya tyubu" na umwambie akutumie picha ya tyubu zenyewe. Rangi hiyo haikauki kama maji yanavyokauka. Inakuwa ngumu kwa kuvuta oksijeni ya hewani, tabaka jembamba kwa siku kadhaa, nene kwa wiki, na kwenye baridi yetu ya Juni na Julai inachelewa zaidi. Mtu akikuambia amemaliza sura mbili kwa rangi hiyo kwa siku nne na tayari ameshaiviringisha, basi ametumia akriliki, inayokauka ndani ya saa moja hivi, au anakusimulia hadithi. Akriliki ni rangi nzuri, nami naitumia. Ila bei na ahadi ziwe za akriliki.

Sasa fedha. Wateja wengi hutuma nusu siku ya kwanza, kisha hukaa wakisali. Mimi nashauri ununue kwanza rasimu peke yake. Mlipe elfu thelathini au arobaini akuchoree kwa penseli mpangilio wa sura, akutumie ndani ya wiki. Rasimu isipokuja, umepoteza elfu thelathini na umeshamjua. Ikija na imekupendeza, tuma fungu la pili, linalotosha vifaa na sehemu ya ufundi. La tatu kazi ikifika nusu, la mwisho kazi ikiisha, kabla haijafungwa. Kanuni ni moja tu, kwamba siku yoyote akizima simu, ulicholipa kisizidi sana kazi uliyoiona kwa macho. Mchoraji atakayekataa kupangiwa hivi anaweza kuwa na sababu yake, maana nasi tumeachiwa sura za watu tusiowajua zikining'inia ukutani. Ndiyo maana sisemi usitoe advansi kabisa. Kanvasi hainunuliwi kwa ahadi.

Fungu la mwisho litumie akili. Hakuna mtu wa Arusha asiye na ndugu Dar. Mwombe shemeji apitie kwa mchoraji Jumamosi, aiguse, aigeuze nyuma, kisha ndipo utume. Baada ya hapo mzigo uje kwa basi, kanvasi imeviringishwa rangi ikitazama nje, ndani ya bomba la PVC, na risiti ya mzigo atume siku hiyohiyo.

Unapotuma kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa jina lingine, uliza hapohapo. Huenda laini ni ya mkewe, lakini jibu hilo lipate kabla. Ujumbe wa muamala usiufute. Na usitegemee kampuni ya simu ikurudishie: huduma ya kurudisha muamala ni kwa aliyekosea namba. Aliyetuma kwa hiari yake kisha akazungushwa huambiwa akaelewane na aliyemtumia. Namba ya tapeli unaweza kuiripoti kwa kuituma kwenda 15040.

Makubaliano hayahitaji mhuri wala karatasi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ujumbe wa simu. Tatizo ni kwamba wachoraji tunapenda sana kutuma sauti. Sikiliza sauti yake, kisha uiandike wewe: "Kaka, nimekuelewa hivi: sura mbili, kanvasi sentimita 60 kwa 80, rangi ya mafuta ya tyubu, imechorwa kwa mkono, laki nne kwa mafungu manne, marekebisho mara mbili, tarehe 14 iwe tayari, ikipita siku kumi nirudishiwe au nipewe kazi ilipofikia. Ni sahihi?" Subiri aandike ndiyo. Hakikisha mazungumzo hayajawekwa kwenye hali ya kujifuta. Kama utataka kuchapisha picha hiyo kwenye fulana au kalenda, liandike pia na hilo, kwa sababu kununua picha na kupata haki ya kuizalisha ni mambo mawili.

Maneno "kazi ilipofikia" ni ya kwangu, nayapenda. Picha ya nusu ina thamani. Nimeshamalizia tatu za wachoraji wengine, moja ikiwa na macho tu.

Kila wiki omba picha ya hatua, pembeni pakiwa na kikaratasi chenye tarehe ya siku hiyo. Mchoraji mstaarabu hakasiriki. Akianza kukutumia misiba na umeme kukatika badala ya picha, mpe tarehe ya mwisho kwa maandishi, bila matusi. Matusi yako ya Facebook yatakuwa ushahidi wake.

Na kituoni? Wengi hurudi wamenuna, wameambiwa "hii ni madai", yaani si jinai. Mara nyingi askari yuko sahihi. Kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu, kwenye Kanuni ya Adhabu, linahitaji uongo juu ya jambo lililopita au lililopo, na msemaji awe anajua ni uongo. "Nitamaliza Ijumaa" ni ahadi ya mbele. Akiivunja, peleka madai yako Mahakama ya Mwanzo. Lakini "hizi picha nilizichora mimi", kumbe za mtu mwingine, au "mzigo nimeshapakia kwenye basi", kumbe hakuna mzigo, na wewe ukatoa fedha kwa sababu hiyo, hapo pana jinai ya kuzungumzia. Ndiyo maana uhifadhi picha za skrini za ukurasa wake kabla hajazifuta.

Yule dada wa Usa River alikuwa na sentensi moja ya namna hiyo. Kabla ya fungu la mwisho mchoraji alimwandikia: "Nimeichora kwa mkono wangu siku kumi na nne." Tulipiga picha vidoti kupitia lenzi, akamtumia pamoja na maneno yake mwenyewe. Mchoraji hakujibu neno. Jioni ikaingia laki mbili, na akamblokia.

Sherehe ilikuwa Jumamosi, hapakuwa na muda wa kuchora nyingine. Dada akaniomba niiwekee fremu tu, na nisimwambie mtu pale kanisani. Nilitumia mbao ya mninga. Picha ya mafuta kwa kawaida haiwekwi kioo. Ile niliiwekea.