Kuwasilisha data ya fomu kwenye hifadhidata: maana yake na inavyofanyika

Kuwasilisha data ni kuyachukua majibu yaliyojazwa kwenye fomu ya kielektroniki na kuyaingiza kwenye majedwali ya hifadhidata, kila jibu kwenye safu yake ya wima, bila mtu kukaa na kuyanakili upya. Wengi hukichanganya kitendo hiki na kuhifadhi fomu. Ukihifadhi, unapata faili ya Word, PDF au XML inayokaa kwenye folda, na ukitaka kujua ni wafanyakazi wangapi watakuwa likizo mwezi wa Agosti, utazifungua faili hizo moja baada ya nyingine. Ukiwasilisha, kila fomu inakuwa mstari ndani ya jedwali, na swali hilo linajibiwa kwa amri moja ya SQL, lugha ya kuamuru na kuuliza hifadhidata.

Ili jambo hili lifanyike, vinahitajika vitu vitatu. Kwanza fomu yenyewe. Pili muunganisho, yaani anwani ya seva, jina la hifadhidata na akaunti yenye ruhusa ya kuandika. Tatu ulinganishaji, yaani maelezo ya kisanduku kipi cha fomu kinakwenda kwenye safu ipi ya jedwali. Fomu na muunganisho huwa tayari ndani ya siku moja. Ulinganishaji ndio unaokula muda, na makosa mengi huzaliwa hapo.

Chukua fomu ya ombi la likizo yenye namba ya mfanyakazi, tarehe ya kuanza, idadi ya siku na sababu. Mtu akibofya kitufe cha kuwasilisha, fomu hukagua kwanza kama visanduku vya lazima vimejazwa. Data husafiri hadi kwenye seva, nayo seva hukagua tena. Ukaguzi huu wa pili usiuache, kwa sababu ule wa kwanza unafanyika kwenye kompyuta ya mjazaji na anaweza kuukwepa. Kisha seva hutoa amri ya INSERT, yaani ya kuingiza mstari mpya, hifadhidata ikikubali mstari unaandikwa, na mjazaji anarudishiwa jibu.

Fomu yenye orodha ndani yake inahitaji zaidi ya hapo. Ombi la vifaa vya aina tano huzaa mstari mmoja kwenye jedwali la maombi na mistari mitano kwenye jedwali la vifaa, yote sita ikifungwa pamoja kwa namba ya ombi. Mtandao ukikatika baada ya mstari wa tatu, utabaki na ombi nusu ambalo hakuna atakayejua kuwa ni nusu. Ndiyo maana mistari yote huwekwa ndani ya muamala mmoja. Yote ikiingia, unathibitishwa kwa COMMIT, na mmoja ukikwama, yote inafutwa kwa ROLLBACK na mjazaji anaambiwa ajaribu tena.

Sasa aina za data. Namba ya mfanyakazi ni 00457. Aliyetengeneza jedwali aliona ni namba, akaipa safu aina ya namba kamili, basi kinachohifadhiwa ni 457. Siku ya kuilinganisha na jedwali la wafanyakazi, ambako imeandikwa 00457 kama maandishi, huenda zisioane. Kanuni inayofaa ni hii: namba ambayo hutaijumlisha wala kuizidisha, kama ya simu, ya kitambulisho au ya mfanyakazi, iwekee safu ya maandishi. Tarehe nayo ina mtego wake. 03/04/2025 ni tarehe 3 Aprili kwa fomu, lakini seva iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani huisoma kuwa 4 Machi, na haitoi kosa lolote. Itume kwa mpangilio wa ISO 8601, yaani 2025-04-03, hata kama mjazaji anaiona kwa mpangilio aliouzoea.

Kisanduku kitupu pia kinahitaji uamuzi wako mapema. NULL maana yake hakuna thamani, ilhali maandishi matupu ni thamani isiyo na herufi hata moja, na hifadhidata nyingi huvitenganisha. Hifadhidata ya Oracle huyahesabu maandishi matupu kuwa NULL, kwa hiyo fomu iliyofanya kazi vizuri kwenye hifadhidata ya PostgreSQL inaweza kukataliwa huko pale safu isiporuhusu NULL.

Jina lenye ng' ni kipimo kizuri cha fomu. Ikiwa amri ya SQL imeundwa kwa kuunganisha maandishi ya amri na majibu ya mjazaji, alama ya juu katika jina Ng'ang'a itahesabiwa kuwa mwisho wa thamani, na amri itavunjika. Mlango huohuo ndio wanaoutumia wenye nia mbaya kupenyeza amri zao. Tumia vigezo: amri hutumwa na nafasi zilizoachwa wazi, thamani zikaja kando, na hakuna herufi ya mjazaji itakayosomwa kama amri.

Mtandao ukiwa mzito, mtu hubofya mara mbili, na ombi moja linaingia mara mbili. Kuzima kitufe baada ya kubofya kunasaidia, lakini hakutoshi. Ipe kila fomu kitambulisho cha pekee, UUID kwa mfano (msururu mrefu wa herufi na tarakimu usiojirudia), pale inapofunguliwa, kisha weka sharti la upekee kwenye safu hiyo. Mstari wa pili utakataliwa kwa kosa 1062 kwenye MySQL, 2627 kwenye SQL Server au 23505 kwenye PostgreSQL, na programu yako inatakiwa kulitafsiri kuwa “ombi lako limeshapokelewa”.

Microsoft InfoPath, programu ya kutengeneza fomu iliyoanza na Office 2003 na kuishia toleo la 2013, iliweza kuwasilisha moja kwa moja kwenye Access au SQL Server, lakini fomu zake za kwenye kivinjari zililazimika kupitia huduma ya wavuti, yaani programu ya kwenye seva inayopokea data na kuiandika kwenye hifadhidata. Hata pale unaporuhusiwa kuunganisha moja kwa moja, weka huduma hiyo katikati. Bila hiyo, kila kompyuta ya ofisi itahitaji njia ya kuifikia hifadhidata, na nenosiri linaweza kuishia ndani ya faili ya fomu. Akaunti ya huduma nayo ipe ruhusa ya kuingiza mistari kwenye majedwali husika tu.

Kabla ya kuwapa watu fomu, jaza moja ya majaribio yenye namba inayoanza na sifuri, jina lenye ng' na kisanduku kimoja kitupu. Tarehe iwe kama 5 Machi, si 25 Machi, kwa sababu 25 haiwezi kuwa mwezi na baadhi ya programu huigeuza zenyewe zikalificha kosa. Kisha usitosheke na ujumbe wa “imepokelewa”: fungua jedwali lenyewe, usome mstari ulioingia safu kwa safu.